Mmemwondolea Arosto, Mkamwachia Sonona

Tuache kudanganyana. Kijana anayekunywa methadoni kila asubuhi hajapona. Ametulia. Anayekwambia kwamba kutulia ndiko kupona ama hajawahi kuishi nyumba moja na mtu wa aina hiyo, ama ana ripoti anayowaandikia wafadhili.

Nimechoka. Nimechoka na hotuba za "tumewaokoa vijana wetu". Nimechoka na picha za waheshimiwa wakikata utepe mbele ya kontena lililopakwa rangi jana. Nimechoka na hesabu zao: wangapi wameandikishwa, wangapi wamekunywa, mililita ngapi zimetoka. Je, wangapi wanaamka saa tisa usiku, wanaikodolea macho dari, wanajiuliza wanaishi kwa ajili gani? Hao hawahesabiwi. Nani awahesabu? Na kuna anayelipwa kwa kuwahesabu?

Mwenye kovu usidhani amepoa. Wahenga walisema, sisi tukaigeuza methali ya insha za shule, tukapewa alama, tukaenda zetu.

Nieleweke mapema, maana najua wapo wanaotafuta kisingizio cha kuzifunga kliniki. Methadoni ni dawa, na ni dawa nzuri. Daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander walianza kuwatibu nayo watumiaji wa heroini jijini New York katikati ya miaka ya 1960, na tangu hapo ushahidi umerundikana hadi darini. Anayeinywa hujidunga mara chache, huambukizwa Ukimwi mara chache, huiba mara chache, hufa mara chache. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Majirani zetu Watanzania walifungua kliniki yao Muhimbili mwaka 2011. Sisi tulikaa, tukajadiliana, tukakemea dhambi, hadi Desemba 2014 ndipo tukaanza pale Mathari, Nairobi. Kisha Malindi, Kwale, Kisauni, Ngara.

Na tulichochewa na nini? Huruma? Thubutu! Tulichochewa na hofu. Takwimu zilituambia kwamba miongoni mwa wanaojidunga, kama 18 katika kila 100 wana virusi vya Ukimwi, wakati kwa watu wazima wa nchi nzima hawakufika hata 6. Tukashtuka. Tukaogopa kwamba virusi vile vitavuka kutoka maskani za mateja hadi vitandani mwetu. Ndipo fedha zikapatikana, nyingi kutoka Marekani na katika mfuko wa kimataifa wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, msomaji, na kama ulikuwa umelala amka usikilize. Mpango ulioanzishwa kwa kuogopa virusi utapima virusi. Utampima mtu damu, mkojo na mate. Hautampima moyo. Huzuni ya teja haiambukizi kwa sindano, kwa hiyo haikupata bajeti.

Hebu mchukue kijana mmoja wa Bondeni, hapa Nakuru. Usihangaike kumtafuta, yupo, na ukipenda mpe jina la mwanao. Alianza kete za heroini akiwa na miaka kumi na saba, leo ana thelathini. Miaka yote hiyo, kila lililomuuma alilivuta au alilidunga. Babake alipokufa, alivuta. Mkewe alipofunga virago na mtoto mgongoni, alidunga. Marafiki walipookotwa mitaroni mmoja baada ya mwingine, alidunga tena. Hakuomboleza hata mara moja. Heroini kazi yake ndiyo hiyo: huua maumivu, na haichagui kama ni ya jino au ya moyo.

Leo hana kete. Ana kikombe cha methadoni. Sasa niambie, yale matanga aliyokwepa miaka kumi na mitatu yalikwenda wapi?

Hayakwenda popote. Yalikuwa yakimsubiri mlangoni. Methadoni imemrudishia akili timamu, na akili timamu ndiyo inayomwonyesha hasara. Anatazama sebule ya mamake: hakuna televisheni, hakuna mtungi wa gesi, hakuna hata ile sufuria kubwa ya kupikia wageni, na anamjua vizuri aliyeviuza. Anapita karibu na shule, anawaona watoto wa darasa la sita, anapiga hesabu kwamba wake yuko darasa hilohilo mahali fulani, na huenda anaita mtu mwingine baba.

Kisha kuna urefu wa siku. Hili waliofika wanalijua. Uraibu ulikuwa umempa kazi ya kutwa: kutafuta pesa, kumtafuta muuzaji, kukwepa polisi, kudunga, kusinzia, kuanza upya kabla arosto, yale mateso ya kukosa dawa, haijapiga. Kazi chafu, lakini siku ilijaa. Sasa anafika kliniki asubuhi, anapanga foleni, anameza mbele ya muuguzi, anatamka neno moja mawili ili ithibitike kwamba amemeza kweli, anaondoka. Saa tatu haijagonga na shughuli ya siku imekwisha. Afanye nini hadi kesho? Na kesho ni hivyohivyo. Jumapili ni hivyohivyo. Krismasi ni hivyohivyo.

Kumtoa mtu kwenye heroini ukampa kikombe peke yake ni kama kumtoa kisimani ukamwacha na nguo zilizolowa usiku wa Julai kule Molo. Hatazama tena, sawa. Lakini baridi nayo huua.

Baridi hiyo ina jina. Ni sonona, huo ugonjwa ambao mitaani huitwa depresheni kwa kejeli, kama vile ni anasa ya watoto wa matajiri. Si uvivu. Si kukosa shukrani. Ni mtu kupoteza ladha ya kila kitu, chakula, mpira, muziki, watu. Usingizi humkimbia au humshika mchana kutwa. Mwili huwa mzito kama umefungwa mawe. Akili humrudia na wimbo mmoja tu: huna faida, huna faida, huna faida. Utafiti uliofanywa nchi baada ya nchi unasema jambo moja: miongoni mwa wanaotibiwa uraibu wa heroini, sonona imetapakaa kuliko kwa watu wengine, mara kadhaa zaidi. Wengine waliingia nayo utotoni, ndiyo iliyowapeleka kwenye kete. Wengine wameipata njiani. Wengi wamebeba zote mbili.

Na dawa yenyewe ina yake. Dawa za jamii ya afyuni, methadoni ikiwemo, zikitumiwa muda mrefu hupunguza homoni mwilini. Mwanamume hukuta nguvu zake zimepungua. Mwanamke huona siku zake zimevurugika. Jitie mahali pa mwanamume wa miaka thelathini mwenye aibu hiyo, aliyesimama kwenye foleni, nyuma yake wapo watu thelathini wanaopiga kelele, mbele yake dirisha lenye nondo. Atamwambia nani? Atasemaje? Ananyamaza, anameza, anaenda zake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini naye kafichishwa na mpangilio wenyewe.

Wanawake ndio usiseme. Ni wachache mno katika foleni hizo. Si kwamba wanaotumia ni wachache kiasi hicho. Mwanamke akionekana pale amekwisha: watoto atanyang'anywa na wakwe, jina atapewa la kahaba hata kama hajawahi, na pengine mume au mpenzi aliyemfundisha kudunga ndiye anayemzuia asiende. Wachache wanaofika hubeba kisa cha kupigwa, kubakwa, kuzika mtoto. Unampa kikombe, unamwambia "haya, mwingine!" Mwingine!

Wakubwa watanijibu kwamba ushauri nasaha umo katika mpango. Najua umo. Umo kwenye karatasi, umeandikwa vizuri, aya kwa aya: dawa pamoja na ushauri. Tena wapo washauri na wauguzi wanaojitolea mpaka wanaugua wenyewe, na hao nawavulia kofia. Lakini mshauri mmoja na foleni ya mamia ni ushauri gani? "Unaendeleaje?" "Poa." "Haya, kesho." Nchi hii madaktari wa akili hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja. Kaunti ya Nakuru ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 mwaka 2019. Piga hesabu mwenyewe. Halafu wachache walio hapa wana wadi zao, Gilgil na hospitali kuu ya kaunti ambayo sisi wa zamani bado tunaiita PGH, zimejaa wagonjwa waliochanganyikiwa hadi wakafungwa kamba na jamaa zao. Anayelia kimyakimya hana nafasi. Hajavunja dirisha la mtu.

Kuna jambo la kitabibu ambalo sitalipita, kwa sababu ndipo ujinga unapoua. Mtu akija kliniki akisema amechoka, halali, hana hamu, mwili unamuuma, mambo kadhaa yanaweza kuwa yanamsumbua, na hayatibiwi kwa njia moja. Huenda dozi ni ndogo. Mwongozo wa kimataifa unataja miligramu 60 hadi 120 kwa siku kuwa kiwango kinachowafaa wengi baada ya kupandishwa taratibu, na anayepewa chini ya mahitaji yake huishi katika nusu arosto kila jioni. Huenda amepatikana na kifua kikuu akaanzishiwa rifampisini, ambayo huisukuma methadoni nje ya mwili upesi, naye akabaki anatetemeka huku akiambiwa "unajifanya". Baadhi ya dawa za zamani za Ukimwi, kama efavirenzi, hufanya vivyo hivyo. Na huenda ni sonona yenyewe, kavu, inayohitaji mazungumzo na pengine dawa yake.

Lakini dawa ipi? Hapo napo pana shimo. Dawa ya sonona iliyozoeleka katika zahanati zetu kwa miaka mingi, kwa kuwa ni rahisi, ni amitriptilini. Hiyo ukiichanganya na methadoni ovyo, zote mbili huvuruga mapigo ya moyo na kumzidishia mtu usingizi. Zipo nyingine zinazoenda vizuri zaidi na methadoni. Anayezichagua awe anajua anachofanya, awe na muda wa kumtazama mgonjwa usoni. Tumemwajiri huyo? Tumempeleka shule? Au tunangoja muuza duka la dawa pale Rhonda amalize kazi kwa vidonge vya usingizi?

Maana ndiko wanakoishia. Asiyetibiwa sonona hujitibu. Jioni inapomkaba hutafuta bugizi, vidonge hivyo vya usingizi, hutafuta chang'aa, hutafuta chochote cha kumzimisha. Bugizi juu ya methadoni, pombe juu ya bugizi, na ubongo husahau kuamrisha mapafu. Mtu hulala akikoroma, asubuhi hakoromi. Mtaani watasema, "Si mliambiwa hiyo methadoni ni sumu?" Methadoni ilisingiziwa. Aliyeua ni jioni ile, na upweke ule, na sisi tuliopita tukimwita kwa jina la kumkejeli.

Wengine huacha. Anaona hakuna maana ya kuamka alfajiri kufuata kikombe kisichomfurahisha, anakosa siku moja, anakosa tatu, anapotea. Wiki kadhaa baadaye anarudi kwenye kete na kipimo chake cha zamani. Mwili wake umesahau, haukihimili tena. Hufa na sindano ingali mkononi. Mtu aliyeacha matibabu yuko katika hatari kubwa ya kufa kuliko alipokuwa ndani yake, na sonona ni moja ya mambo yanayowatoa watu katika matibabu. Unganisha hizo sentensi mbili. Polepole. Umeelewa sasa kwa nini nimekasirika?

Na wapo wanaoamua wenyewe kuyakatisha maisha. Hao nchi yetu ilikuwa na jibu lao: jela. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Unanusurika, unapelekwa hospitali, na askari anakusubiri miguuni pa kitanda. Kilidumu tangu enzi za mkoloni hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Januari 2025! Tulikuwa tumejipatia uhuru zaidi ya miaka sitini, lakini aliyekata tamaa tulikuwa bado tunamfunga pingu. Ukishangaa kwa nini kijana hasemi kwamba anafikiria kufa, anza hapo.

Sasa turudi kwetu, Bonde la Ufa. Maana najua unafikiria ni mambo ya Pwani haya, ya Wapwani na bahari yao.

Ni kweli unga ulishukia baharini. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini katika jahazi moja tu nje ya pwani yetu. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walihukumiwa miaka 25 na miaka 23 kwa biashara hiyo, na waliowahukumu ni mahakama ya New York, wala si ya Nairobi, jambo ambalo lingepaswa kutunyima usingizi. Lakini barabara ya Mombasa haiishii Nairobi. Inapanda, inateremka Naivasha, inapita Gilgil, inatupasua katikati, inalala Salgaa na malori yake. Unadhani kinachoshushwa njiani ni viazi tu? Nenda Kivumbini, nenda Kaptembwa, nenda kule Gioto kwenye jaa la taka, uwaangalie vijana wanaosinzia wima saa nne asubuhi. Unga haukungoja hati ya jiji. Sisi tuliipata hati tarehe 1 Desemba 2021 tukapiga vigelegele, jiji la nne. Kliniki zile za mwanzo zilipogawanywa, Nakuru haikuwamo. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 160. Dawa ya kunywa kila siku, kilomita 160! Nani huyo aliyekuwa na nauli hiyo, na kama alikuwa nayo alihitaji methadoni ya nini?

Lakini la Nakuru zaidi ni hili. Huu ni mji uliokalia huzuni yake kama mtu aliyekalia moto akijifanya anaota jua. Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu walichinjana hapa na Naivasha. Uwanja wa maonyesho ulijaa mahema. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku zile, aliyemwona babake akiburutwa nje au nyumba yao ikiteketea, leo ni mtu mzima. Kabla ya hapo kulikuwa na 1992, Molo ikawaka, na 1998, Njoro ikawaka. Mei 2018 bwawa la Solai likapasuka usiku likawasomba watu zaidi ya 40. Aprili 2024 ikawa zamu ya Mai Mahiu kusombwa. Ziwa Nakuru nalo limepanda likawafurusha watu Mwariki. Baada ya kila msiba tuligawa mablanketi, unga wa ugali, mabati. Nani aligawa mtu wa kuzungumza naye? Nani alirudi mwaka uliofuata akawauliza wale watoto wanalala vipi?

Hakuna. Aliyerudi ni muuza kete. Yeye alikuwa na dawa, na aliuza kwa bei ya mwanafunzi.

Kwa hiyo usiniambie kijana huyu alijitakia. Nimechoka na neno hilo pia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: wako akishikwa na kete ni "shetani amempitia", wa jirani akishikwa ni "mwizi huyo, achomwe". Wewe unayesoma hapa umeshamfukuza mmoja dukani kwako wiki hii. Alitaka kibarua cha kubeba mifuko ya saruji, ukamtazama mikono, ukaona makovu, ukamwambia kazi imekwisha. Ilikuwa haijakwisha. Baadaye utasimama kanisani, utatoa ushuhuda, utaombea "vijana wa taifa hili".

Kanisani nako! Kijana ameacha unga miezi minane, anasimama akisema moyo wake ni mzito, anaambiwa bado hajaokoka sawasawa kwa sababu anakunywa methadoni. "Umetoka utumwani ukaingia utumwa mwingine." Anaambiwa aimwage, aamini. Anaimwaga. Anaamini. Siku ya nne yuko maskani. Na mhubiri anatumia vidonge vya presha kila asubuhi, hakuna anayemwita mtumwa.

Waajiri nao. Kwenye mashamba ya maua Naivasha zamu huanza alfajiri. Kliniki hufunguliwa asubuhi. Achague: maua au kikombe. Akichagua kikombe hana mshahara, akichagua maua hana matibabu, na asiye na kimoja kati ya hivyo viwili hana sababu ya kutabasamu. Nchi nyingine mgonjwa aliyetulia huruhusiwa kubeba dozi za siku kadhaa nyumbani, ili aishi kama watu. Hapa tunaogopa ataiuza. Wapo watakaouza, ndiyo. Basi tuwafunge wote foleni maisha yao yote, hata asiweze kwenda Kericho kumzika nyanyake?

Fedha ndizo hizo zimekauka. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku 90 hizo zikageuka kuwa mengine. Unajua waliotangulia kurudishwa nyumbani? Ni waelimishaji rika, wale waliowahi kudunga wakaacha, wanaojua maskani zote, wanaoweza kumtazama mtu mara moja wakasema "huyu leo ana mawazo, msimwache peke yake". Ni vituo vya kupumzikia, mahali pekee palipokuwa na benchi, kikombe cha chai na mtu wa kuuliza jina lako. Vilifungwa au vikabaki mifupa. Dawa ilitetewa, kwa sababu dawa inahesabika. Chai haikutetewa.

Aibu si ya Trump. Aibu ni yetu. Sisi ndio tuliomwachia mgeni amlee mtoto wetu mgonjwa, tukashangaa mgeni alipoondoka. Na hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la dharura. Mwaka 2022 Bunge likarekebisha Sheria ya Afya ya Akili, ikazitwika kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo, na ikaandika wazi kwamba mtu mwenye maradhi ya uraibu wa pombe au dawa za kulevya ni miongoni mwa wanaolindwa, na mwenye mawazo ya kujiua pia. Soma tena. Kijana wetu wa Bondeni ametajwa na sheria mara mbili. Mtaani anatajwa kwa jina moja tu.

Wala si kwamba ninachodai ni roketi. Karatasi yenye maswali tisa, inayotumika dunia nzima na imekwisha kuwekwa kwa Kiswahili, inatosha kumtambua mtu mwenye sonona kwa dakika chache: umelalaje wiki mbili hizi, umekula vipi, umewahi kuona heri ungekufa? Muuguzi anaweza kuiuliza. Mwelimishaji rika anaweza. Kule Harare, Zimbabwe, Dkt Dixon Chibanda alipokosa madaktari aliwafunza nyanya wa mtaani kusikiliza kwa utaratibu, akawakalisha kwenye benchi nje ya zahanati, tangu 2006. Walipopimwa kwa utafiti mkubwa, wagonjwa waliokaa na nyanya wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nakuru haina nyanya? Nakuru ina nyanya waliozika wajukuu, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wafunzwe, walipwe. Walipwe, nasema, msije na "kujitolea".

Sharti moja. Usimuulize mtu kama anataka kufa halafu ukamwambia "asante, mwingine". Ukiuliza uwe na pa kumpeleka siku ileile, mtu aliyesomea, dawa inayopatana na methadoni, na simu ya kumfuata kesho asipofika. La sivyo ni kumtonesha kidonda ili ujaze fomu.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, serikali ya kaunti hupeleka makadirio ya bajeti kwenye bunge lake. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni, na ukumbi huwa na viti vitupu na soda. Mwaka ujao nenda. Mwache mwakilishi wako wa wadi amalize habari za taa za barabarani, kisha simama. Uliza ni shilingi ngapi zimetengwa kwa afya ya akili katika kaunti hii, na katika hizo ni ngapi za watu wanaotibiwa uraibu. Uliza methadoni ya mtu wa Kaptembwa iko wapi, na mshauri wake ni nani, na analipwa na nani wafadhili wakiondoka. Watakwambia jambo hilo linashughulikiwa. Usikae. Waambie wakuonyeshe ukurasa.